Jaji Aliyekaa Kizimbani

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika mahakama, Mheshimiwa Jaji wetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, mimi naibu msajili ambaye mlango wangu umetazamana na wake miaka yote aliyokaa ghorofa ya pili. Aliposikia habari hizo alinipitishia agizo moja tu: "Kwa kifupi, tafadhali." Nimejitahidi. Nikishindwa, akumbuke kwamba kuanzia Jumamosi hana mamlaka ya kuniamuru.

Wanaomjua hawatashangaa. Mawakili wa hapa humwita Mama Kwa-Kifupi, na wote tulidhani jina hilo halijui, mpaka siku alipowakaribisha mawakili wapya akajitambulisha nalo bila hata kutabasamu. Wakili akianza kujinyoosha kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa huvua miwani akailaza mezani, na ukumbi mzima ukajua kinachofuata. Wakili mmoja mkongwe, alipoiona miwani ikivuliwa, alikatisha sentensi katikati akakaa chini. Kesi ile alishinda, na mpaka leo anawashauri vijana wake wafanye hivyohivyo.

Kazi aliianza akiwa hakimu kijana katika mahakama ya chini kabisa, jengo la chumba kimoja lenye bati lililopiga kelele kuliko mashahidi. Mvua ikinyesha, kesi ilisimama. Huko ndiko alikojifunza kuuliza maswali mafupi, maana ilibidi ayaulize kabla wingu jingine halijafika. Baadaye akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi akaapishwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Alipohamia hapa, majalada ya kesi zilizolala yalikuwa yamejaza makabati yakahamia sakafuni, na mahabusu wengine walikuwa wamesahau hata walishtakiwa kwa lipi. Aliwafuata gerezani, akawasikiliza, na baada ya miaka michache sakafu ikaanza kuonekana. Amelea mahakimu wengi, na baadhi yao ni majaji leo. Wote wamerithi ule mtindo wa miwani. Mmoja wao macho yake ni mazima kabisa, lakini alijinunulia miwani ili apate cha kuvua.

Nyumbani ni mke wa mpima ardhi mstaafu, mama wa watoto wanne, na bibi wa wajukuu wasiojali vyeo vya watu. Familia hii ina jambo moja linalojulikana mahakama nzima, nalo ni kabati la nguo. Mheshimiwa aliliagiza kwa fundi wa mtaani kwao wakati kitindamimba wake anaanza darasa la kwanza. Kitindamimba huyo sasa ana mtoto wake mwenyewe, na nguo bado ziko kwenye masanduku. Fundi amekwenda pale nyumbani kujieleza mara nyingi kiasi kwamba watoto walikua wakimwita mjomba, na kwenye harusi ya binti wa pili aliketi meza ya wanafamilia. Nalitaja kabati hili kwa sababu liliwahi kuingia mahakamani.

Miaka minane iliyopita ilifika mbele yake rufaa ya fundi seremala mwingine. Shule moja ya msingi pembezoni mwa mji ilikuwa imekata mikaratusi yake, ikapasua mbao, ikamkabidhi fundi huyo atengeneze madawati. Aliahidi yatakuwa tayari siku ya kufungua shule. Shule ikafunguliwa, watoto wakakaa sakafuni. Muhula ukaisha ukaanza mwingine, watoto bado wako chini, wakiandikia mapajani. Mwalimu mkuu, mama mrefu asiyependa kuzungushwa, alikwenda karakana mpaka akachoka, na kila akienda aliambiwa arudi Jumamosi. Mwishowe alikwenda polisi. Fundi akashtakiwa kwa kujipatia mali kwa udanganyifu, akatiwa hatiani, akafungwa miaka mitatu.

Sheria ya kosa hilo inamkamata mtu aliyepata mali ya mwenzake kwa kutoa taarifa ya uongo, akijua ni uongo, kwa nia ya kulaghai. Swali lililopanda hadi Mahakama Kuu lilikuwa moja: je, ahadi ambayo haikutimizwa ni taarifa ya uongo? Kabla ya hapo kila mahakama ilijijibia yenyewe. Hakimu mmoja alifunga, wa chumba cha jirani akaachia, na fundi aliyechelewesha kazi hakujua kama anadaiwa tu au ni mhalifu.

Kabla ya kuanza kusikiliza, Mheshimiwa alitangaza mbele ya pande zote mbili kwamba yeye mwenyewe anadai kabati, na kama kuna anayehofu kuwa hilo litampandisha hasira, aseme mapema. Wakili wa serikali alisimama akasema hana pingamizi, kwa kuwa yeye naye anadai suti. Wakili wa fundi akasema yeye anadai geti. Basi kesi ikaendelea mbele ya wadai watatu.

Wakili wa serikali alijenga hoja yake vizuri. Fundi huyo, alisema, katika mwezi uleule alioichukua kazi ya shule alikuwa pia ameahidi vitanda, meza za mgahawa na milango ya nyumba ya mtu. "Mheshimiwa, aliyewaahidi watu wanne kazi ya mwezi mmoja amewadanganya angalau watatu." Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Wakili wa fundi akajibu kwamba kama ni hivyo, gereza lililopo halitatosha, ianze kujengwa nyumba ya pili kwa ajili ya mafundi cherehani peke yao. Ukumbi ukacheka. Fundi, ndani ya sare ya gereza, hakucheka. Wala hakucheka mkewe, aliyekaa benchi la nyuma na mfuko mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati na suruali ya mumewe, vimepigwa pasi. Kila siku ya kesi alikuja navyo, na kila siku alirudi navyo nyumbani.

Polisi walikuwa wamezichukua mbao kutoka karakana na kuzileta kama kielelezo kwamba kazi haikufanyika. Zilifungwa kamba, zikabandikwa namba ya kesi, na tangu siku hiyo hakuna aliyezifungua. Mheshimiwa aliagiza zipandishwe ukumbini, zifunguliwe mbele ya wote. Akashuka kitini, akachutama kati ya mbao na joho lake likiburuta vumbi, akaanza kuokota miguu ya madawati mmoja mmoja. Ilikuwa imekatwa, imepigwa randa, na imetobolewa matundu ya kuungia. Alichukua ubao mmoja akauchomeka kwenye tundu, ukaingia barabara. Kisha akaisimamisha miguu hiyo sakafuni, ikaonekana ni ya vimo viwili. Aliporudi kitini alifungua kumbukumbu za kesi ya chini na kusoma ushahidi wa mwalimu mkuu, ambaye kwa hasira zake alikuwa amesema kwamba fundi alikuja siku moja tu, akawapima watoto, wadogo na wakubwa, akaondoka na futi yake, asionekane tena.

Hapa sina budi kueleza desturi yake moja, ambayo nje ya jengo hili wachache wanaijua. Alasiri ya kuamkia hukumu, ukumbi ukiwa mtupu, Mheshimiwa huingia kizimbani, hukaa palepale anapokaa mshtakiwa, na kujisomea hukumu yake kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Husema kwamba ukiwa juu kitini kila hukumu inapendeza, na kwamba inafaa uisikie kutoka mahali itakapoangukia. Hukumu ya fundi aliisoma hivyohivyo. Alipomaliza akasimama, akasukuma mlango wa kizimba, komeo likagoma.

Akabisha. Mlinzi wetu, aliyekuwa akifunga madirisha ya korido, alisikia kizimba kinagongwa akadhani ni mahabusu aliyesahauliwa na gari la magereza. Akapaza sauti: "Wewe, hebu tulia humo! Zamu yako kesho!" Kisha akaenda zake kunywa chai. (Mlinzi huyu bado tunaye, na ameniruhusu niliandike hili kwa sharti kwamba nitaje pia kuwa chai ile hakuimaliza.) Mimi ndiye niliyemgundua Mheshimiwa, nilipomtafuta anisainie barua. Nilimkuta ameegemea kizuizi, kidevu juu ya mikono, miwani imelala kando. Nilidhani nitakuta moto. Badala yake akaniambia taratibu, "Unajua, ukikaa hapa husikii sababu hata moja. Unasubiri neno moja tu." Akaniomba kalamu kwanza, ndipo akaniomba nimfungulie.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Tulizoea hukumu zinazoanza na historia ya shauri, zikapita kwenye vifungu na maamuzi ya zamani, na mwisho kabisa, watu wakiwa wameshachoka kuomba dua, likaja lile neno. Siku ile Mheshimiwa aliketi akasema, "Rufaa imekubaliwa. Mrufani yuko huru. Sasa nitaeleza sababu." Mke wa fundi alisimama na kuanza kutoa shati kwenye mfuko. Askari akamwonyesha ishara akae. "Mwache mama," Mheshimiwa akasema. "Shati halimzuii mtu kusikia." Yule mama akaliweka mapajani, akalishika kwa mikono miwili mpaka mwisho. Sioni haya kusema kwamba mimi nilitazama dirishani, na macho yangu hayakuwa makavu.

Sababu zilikuwa fupi, na ndizo zinazofundishwa sasa. Uongo, alisema, ni wa jambo lililopo au lililokwishapita; kesho haijafika, kwa hiyo hakuna anayeweza kuisemea uongo. Lakini anayesema "nitafanya" anasema pia jambo moja la leo, kwamba nia anayo. Kama nia hiyo hakuwa nayo alipoipokea mali, amedanganya kuhusu leo, na sheria imkamate. Kama alikuwa nayo, kisha akazidiwa na kazi, na tamaa ya kazi, na uzembe wake mwenyewe, huyo ni mdaiwa, na milango ya kumdai iko wazi kwingine. Kuhusu fundi huyu alisema maneno ambayo nimeyashika kichwani: "Mtu anayetaka kukimbia na mbao za watoto hapimi kwanza urefu wa miguu yao."

Alipofunga jalada, mwalimu mkuu alisimama. Utaratibu haukumruhusu kusema, ila alisema. "Na watoto wangu watakaa wapi?"

Mheshimiwa akavua miwani, na kwa mara ya kwanza hatukuona kuwa ni kwa ajili ya kumfupisha mtu. "Swali lako ni la haki, mwalimu," akajibu. "Mbao ni zenu, na naamuru mrudishiwe leo hii. Kumlazimisha fundi aziunge, rufaa hii hainipi uwezo huo. Ningekuwa nao ningeutumia." Mwalimu akasema ahsante, kwa sauti ya mtu anayerudi nyumbani mikono mitupu, akatoka. Nilimwona Mheshimiwa akimsindikiza kwa macho hadi mlangoni.

Maneno yalikuwa mengi wiki zile. Mtangazaji mmoja wa redio alisema mafundi wote wa nchi wamepewa ruhusa ya kutuzungusha. Mjomba wa kabati alikwenda nyumbani kwa Mheshimiwa kumpongeza kwa hukumu nzuri, na kabati hakuja nalo. Serikali ilikata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Mwaka uliofuata alifika mbele yake wakala mmoja aliyekusanya pikipiki za vijana kwa ahadi ya kuwatafutia kazi nje ya nchi, naye akajitetea kwa kuinukuu hukumu ileile: ni ahadi tu, Mheshimiwa. Mheshimiwa akapima kwa kipimo chake kilekile. Ikaonekana kwamba siku anapokea pikipiki ya mwisho, wakala alikuwa ameshang'oa kibao cha ofisi na kumuaga mwenye nyumba. Kifungo chake kikabaki palepale. Leo mahakama zote za chini hupima hivyo, na majaji wenzake wengi wameanza kutanguliza lile neno moja kabla ya sababu.

Yapo mengi ya kumshukuru, lakini nafasi inakwisha na miwani naiona. Nataka kusema jambo moja la mwisho, nalo linahitaji kwanza nitaje amri yake ngumu kuliko zote. Akishasoma hukumu, Mheshimiwa haulizi tena habari za wahusika, wala haruhusu mtu amletee. Aliogopa kwamba akisikia huyu alishukuru na yule alirudia makosa, atakayesimama kizimbani kesho atahukumiwa kwa matendo ya wenzake. Sote ghorofa ya pili tuliapa kufunga midomo. Nilimwona akiteseka na amri hiyo mara moja tu. Ilikuwa asubuhi ya mvua, alisimama mlangoni pangu na mwavuli unachuruzika, akasema, "Yule mwalimu..." Kisha, "Basi, acha," akaingia ofisini kwake. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza kwa sababu ndivyo alivyoagiza.

Jarida hili linagawiwa Ijumaa mchana, baada ya Mheshimiwa kuvua joho. Amri imekwisha muda wake, Mheshimiwa, na sasa nasema nawe moja kwa moja.

Watoto wamekaa.

Fundi alikwenda shuleni wiki ileile aliyoachiwa, kabla hata ya kufungua karakana. Mwalimu mkuu alimwambia hakuna ubao utakaovuka geti tena. Kama anataka kazi, aifanyie chini ya dirisha la ofisi yake, amwone. Akahamishia meza yake ya kazi pale. Asubuhi alichonga madawati ya watoto, mchana akakimbilia vitanda na milango ya wale wateja wengine, na mkewe alimletea chakula palepale kwenye vumbi la mbao. Aliahidi kumaliza katikati ya muhula, akamaliza mwisho wa muhula. Dawati la mwisho alisema ataliunga Jumamosi, akaliunga Jumatatu.

Najua haya kwa sababu mjukuu wangu aliandikishwa shule hiyo, nami nikaitwa kwenye kikao cha wazazi. Nilikalishwa kwenye dawati la darasa la pili, magoti karibu na kidevu. Nilijitikisa makusudi. Halikulia hata kidogo. Watoto waliokuwa wa kwanza kuyakalia sasa wameota ndevu, wameacha majina yao yamechorwa kwa kalamu kwenye mbao, na wanaokaa leo hawakujui wala hawajui kwamba kuna siku ulichutama kati ya miguu ya madawati yao. Kikao kilipokwisha nilimkuta mwalimu mkuu akihangaika na mlango wa stoo uliong'oka, akasema ameshamwita fundi, yuleyule. Nikamuuliza kwa nini, kati ya mafundi wote wa mji huu, amemwita huyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Huyu najua atakuja," akasema. "Ila sijui lini."

Mheshimiwa, kwa niaba ya majaji, makarani, mawakili, na mlinzi wako, tunakushukuru kwa kila alasiri uliyokaa kwenye benchi lile ili mwingine asikie vizuri. Fundi wa jengo ameahidi kulitengeneza komeo la kizimba kabla ya sherehe ya Ijumaa, na mjomba amenihakikishia kwa simu kwamba kabati linakuja Jumamosi. Nia wanazo. Rudi nyumbani kwa mzee wako na wajukuu, upumzike, na ukiulizia habari za mtu yeyote sasa utajibiwa. Kwa kifupi, ahsante. Urefu tumeuweka kando kwa ajili ya miaka yako iliyobaki.